Dirisha la Kasa

Sijawahi kumwona kasa akiogelea. Nalisema mapema ili nisiulizwe. Kasa pekee niliyewahi kumnasa na kumwokoa alikuwa mama mmoja wa Kawangware, amevaa sweta ya zambarau, na wala hakuwa baharini. Alikuwa Laini Saba, Kibera, hatua chache kutoka reli, saa nne asubuhi, na kelele zake zilisikika mpaka kwa wauza makaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Vihiga, na kazi yangu ilikuwa kupaka rangi katika karakana ya vyuma. Neno karakana ni la heshima tu. Palikuwa na nguzo nne, paa la mabati, na mashine ya kuchomelea ambayo Fundi, mwajiri wangu, aliisuka mwenyewe kwa nyaya za shaba akaizamisha ndani ya debe la mafuta. Ikiwashwa, balbu za jirani zilififia, na kinyozi wa banda la tatu alisimama katikati ya kichwa cha mteja akatutukana mpaka tuzime. Tulitengeneza milango, vitanda, na zaidi ya vyote grili za madirisha. Fundi alichomelea, mimi nilipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kucha zangu zilikuwa nyekundu mwaka mzima, na kanisani nilipiga makofi nimekunja vidole ili watu wasinione.

Nilitaka kuchomelea. Nilikuwa nimeiba kazi kwa macho miaka miwili, na Fundi akienda kula nilikuwa nawasha mashine na kuunganisha vipande vya takataka. Alijua, maana debe la mafuta lilikuwa la moto kila akirudi. Lakini kila nilipomwomba, jibu lilikuwa lile lile. Alikuwa mtu wa ziwani, Mjaluo mpole, na alinikatalia kwa upole ulioniudhi kuliko matusi.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "watu wakiona msichana amechomelea mlango, watasema huo ni mlango wa wanawake."

"Mlango wa wanawake unakaa aje?"

"Bado nafikiria hiyo."

Banda lenyewe lilikuwa la mama wa Kawangware. Alikuwa na ploti kule kwao, vyumba vingi vya kukodisha, na mabanda kadhaa huku Kibera. Alikuwa mtu mkubwa kwa kila upande, na alipoingia karakana sisi tulitoka kidogo ili atoshe. Mbele yake tulimwita Mama. Akishageuka tulimwita Mathe, kwa Sheng. Kila Jumanne alikuja kutukagua, akagusa rangi mbichi kwa kidole, akasema haijakauka, kisha akapangusia kidole hicho kwenye aproni yangu.

Jumanne moja alikuja na mgeni kutoka Pwani, rafiki wa kaka yake; kaka huyo aliendesha malori ya Mombasa. Mwanamume mwembamba, ana faili kwapani. Alitusalimia kwa zamu, akatupa pole za kazi, akauliza hali zetu na za nyumbani. Mimi nikajibu, "Poa." Akabaki ananitazama kwa adabu, akidhani bado sijamaliza kujibu.

Alifanya kazi katika kampuni moja yenye meli za kukokota nyavu kutafuta uduvi. Wanunuzi wao wa ng'ambo walikuwa wamegoma: hawataki tena uduvi wao mpaka kila wavu uwekwe chuma fulani ndani. Alikuwa Nairobi kwa shughuli za ofisi, na alitaka kielelezo kimoja akawaonyeshe wakubwa wake, ambao walikuwa wanavuta miguu. Alipofika mahali pa kueleza chuma hicho ni cha nini, Mama alinituma soda. Niliporudi, mgeni alikuwa ameshaagana na kila mtu, na Fundi alikuwa ameshika mchoro.

"Ni ya nini?" niliuliza.

"Inawekwa ndani ya net. Ya kuzuia kobe wa baharini. Wanamwita kasa."

Basi. Hayo ndiyo yote niliyoambiwa.

Mchoro ulionyesha fremu ya mviringo wa yai, ndefu kama kichwa cha kitanda, na ndani yake nondo za kusimama, zimeachana upana wa kiganja. Hapakuwa na kingine. Mgeni angerudi Alhamisi.

Jumatano asubuhi Fundi alikuja akiongozwa na mkewe kama kipofu. Macho yalikuwa yamevimba na kufungana. Siku iliyotangulia alikuwa amechomelea geti bila miwani yake myeusi, kwa sababu miwani hiyo nilikuwa nimeikalia ikavunjika. Ilikuwa bahati mbaya. Nakuomba wewe uniamini, kwa sababu Fundi hakuniamini. Mkewe alimlaza kwenye benchi, akamkatia viazi vibichi, akambandika kipande juu ya kila jicho, akaenda zake.

Fundi alisubiri nyayo za mkewe zipotee. Kisha akasema, kama mtu anayeng'olewa jino, "Chukua hiyo mashine."

Nilidhani sijasikia sawasawa.

"Huyu mgeni ni wa Mama, hatuwezi kumwambia arudi wiki ijayo. Chomelea. Akikubali kazi, kuanzia hapo utachomelea hapa kama mimi. Akikataa, unarudi kwa brashi, na usiniulize tena mpaka siku ya kunizika."

Nikaazima miwani myeusi ya muuza kaseti, nikaanza. Nisijifanye mnyenyekevu: nilifanya kazi nzuri. Nilipinda fremu kwenye kipande cha reli, nikakata nondo, nikaziunganisha moja moja, na kila kiungo nilikigonga nyundo kusikia kama kimeshika. Fundi alisikiliza sauti tu, amevaa viazi vyake, akitoa amri kwa mabati. Kinyozi alitutukana asubuhi nzima.

Nilipomaliza nilirudi nyuma nikaitazama grili yangu, na dhamiri ikanisuta. Nondo za kusimama peke yake! Hapa Nairobi hiyo ni dharau kwa mteja. Mwizi anakuja na jeki ya gari, anaiweka katikati ya nondo mbili, anapampu mara sita, zinapanuka, anaingia anabeba redio na godoro. Grili bila vyuma vya kulala ni kumkaribisha chai. Kama mwizi wa Kibera anaweza hivyo, mnyama wa baharini mwenye gamba mgongoni je? Nikakata vyuma viwili vya kulala, nikavipitisha juu ya nondo na kuvichomelea kila vilipokutana.

"Umeweka za kulala?" Fundi aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Mbili."

"Vizuri. Huyo kasa hataenda mahali."

Halafu katikati palikuwa pamekaa uchi. Nikaweka ua. Ua la petali nne la chuma bapa, ndilo lililokuwa alama yetu. Grili yoyote yenye ua lile kati ya Laini Saba na Gatwekera ilikuwa ya kwetu. Nikapaka rangi, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Alhamisi mgeni alikuja na Mama, na gunia lenye kipande cha wavu mzito wa meli. Fundi alikuwa ameshafumbua macho, mekundu kama kucha zangu. Mgeni aliizunguka grili mara moja, akaizunguka tena.

"Nani aliyeitengeneza?"

"Mimi," nikasema, kabla Fundi hajafungua mdomo.

"Hongera, binti yangu, viungo vyake vimeshika barabara. Hebu niambie, hili ua ni la nini?"

"Mapambo."

"Atakayelitazama chini ya bahari ni nani?"

Fundi alikohoa. Mgeni akaweka kidole kwenye chuma cha kulala, akashusha pumzi, akanieleza, bila kunidharau, yale niliyoyakosa nilipotumwa soda. Kasa havuti maji kama samaki. Anavuta hewa, kama sisi, lazima apande juu apumue. Wavu ukimzoa chini, unakokotwa kwa masaa, naye yumo ndani na uduvi, hakuna aliyemtaka, na ukija kutolewa ameshakufa maji. Hii grili inawekwa ikiwa imeinama. Uduvi wanapita katikati ya nondo. Kasa anagonga nondo, anateleza juu yake, mpaka penye tundu lililokatwa kwenye wavu, anatoka.

"Fundi alisema ni ya kumzuia," nikasema.

"Ya kumzuia asiende mwisho wa wavu. Si ya kumzuia asitoke. Hivi vya kulala vitamshika mikono."

Mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba grili ni ya kufunga, na sasa ananiambia kazi ya grili ni kumwachia mtu njia. "Bila za kulala nondo zitapinda," nikamwambia. "Na mikono itapita tu. Si iko na maji? Atateleza."

Hapo Mama akaingia. "Si nilijua! Fundi, mimi nakuletea mgeni wa maana, wewe unampea kazi ya msichana wa rangi? Ati ua! Toa hiyo kitu, fanya ingine wewe mwenyewe, na huyu arudi kwa mkebe wake wa rangi."

Fundi alinitazama. Niliona ananiaga.

"Tujaribu," nikasema haraka. "Kama itamshika, nitashika brashi bila kelele."

Mgeni alikubali, nadhani kwa sababu alikuwa mwalimu wa moyoni. Nyuma ya karakana palikuwa na ukingo wa reli unaoteremka. Tulifunga wavu pale kama mfereji, mdomo juu, chini yake tukatandika maboksi na nailoni. Mgeni aliifunga grili kwenye mwisho wa wavu, akaiinamisha ubavu, nondo zikielekea kushoto ambako alikuwa ameacha tundu. Baharini tundu huwa juu au chini, alisema, lakini kwa nchi kavu ubavuni panatosha, na mteremko ndio mkondo wa maji.

Tulianza na gunia la vumbi la mbao. Likateleza, likagonga grili, likazunguka, likatokea kwenye tundu bila shida. Nikaruka kwa furaha. Umati ulikuwa umeshajaa, wauza mboga, wapita njia, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu.

"Gunia halina mikono," mgeni akasema. "Kasa anayo, na ni mzito."

"Mzito kiasi gani?"

"Mkubwa wao hufika uzito wa mtu mzima. Mtu mzima aliyeshiba hasa."

Kila mtu alijitahidi kutotazama upande mmoja. Hapo ndipo shetani aliponigusa bega.

"Hapa Kibera hatutapata," nikasema kwa huzuni. "Watu wa huku ni wa kukimbizana na kazi. Labda mtu wa Kawangware."

"Kawangware nani?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama. Nasikia huko watu wako vizuri."

Alinikazia macho. Alijua, na nilijua kwamba alijua. Lakini alitaka kunishinda kuliko alivyotaka heshima yake. "Shika hii," akamwambia Fundi, akampa mkoba. Akampa viatu. Akina mama wawili walimfunga leso tatu kuanzia kiunoni mpaka vifundoni, akapiga magoti, akaomba Mungu kwa Kikuyu.

"Kasa anatanguliza nini?" akamuuliza mgeni.

"Kichwa, Mama. Lakini si lazima..."

"Sitaki kuambiwa nimedanganya. Kichwa."

Akaingia. Akina mama wakamsukuma visigino. Nailoni ilikuwa imepakwa maji ya sabuni na mtu mwema ambaye sitamtaja, na Mama alishuka kwa kasi ambayo hata mkondo wa bahari haujui. Akaigonga grili kishindo. Mkono wake wa kulia ukapita katikati ya nondo mpaka kwapani na kiwiko kikajibana chini ya chuma cha kulala. Kifungo cha sweta kikanasa kwenye cha pili. Ua langu likaingia kwenye kitambaa chake cha kichwa, likakishika.

Umati ulivunjika mbavu. Mimi ndiye niliyecheka kwanza, na nilicheka mpaka nikashika nguzo. Mama alipiga kelele, akatuita majina yote, akaahidi kuvunja banda. Tukazidi kucheka.

Kisha sauti ikabadilika. "Nitoeni," akasema, kidogo tu. Uzito wake wote ulikuwa unamsukuma kwenye chuma, wavu ulikuwa umemzunguka shingo, na kila alipojivuta kiwiko kilijibana zaidi. "Siwezi kugeuka. Ngai, Mungu wangu. Siwezi kupumua vizuri." Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yakitafuta mtu.

Kicheko kikafa, kwanza mbele, halafu nyuma. Mgeni alikuwa ameshapiga magoti kandokando yake, ameusogeza wavu kutoka shingoni, anamwambia atulie, hewa ipo. Alinigeukia akasema polepole, bila hasira, "Huyu anayo hewa."

Nikaona aibu kama sijawahi kuona. Nilikuwa nimemtega mtu, na nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa ustadi na kuipaka rangi.

Nilichukua msumeno wa chuma nikajitupa chini. Mashine haikuwezekana, angeungua. Nikaanza kukata chuma cha kulala kwa mkono, pale kilipoungana na nondo, na kiungo kilikataa. Nilikuwa nimekichomelea vizuri mno. Nilikata, nikalaani mikono yangu, nikakata. Uso wake ulikuwa karibu na wangu hivi kwamba nilinusa mafuta ya nywele zake. Mkono uliokuwa umepita upande wangu ulinishika shati, haukuniachia.

"Pole pole," alininong'oneza. "Usinikate, msichana."

"Sikukati, Mama. Samahani. Samahani sana."

Chuma cha kwanza kikaachia, kiwiko kikatoka. Nilipokata cha pili, hapakuwa na haja ya mtu kumvuta. Aliteleza mwenyewe juu ya nondo kuelekea kushoto, taratibu, akatokea kwenye tundu akakaa juu ya maboksi, sawasawa kama mchoro ulivyosema. Kitambaa chake kilibaki kwenye ua.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi alikuja akanipa brashi mkononi. Nikaipokea. Tulikuwa tumekubaliana.

Mama alikunywa maji, akapumua, akanywa tena. Akamuuliza mgeni, "Na hao wengine? Kwa zile net hazina tundu?"

"Hufa, Mama."

"Wote?"

"Wengi. Na sisi huwarudisha majini, kwa kuwa si wao tuliowatafuta."

Kisha akaniona na brashi, akamgeukia Fundi kwa ukali wake wote wa Jumanne. "Hiyo ni ya nini? Amekosea, kazi ni yake, amalize. Atoe hizo za kulala, atoe na hiyo maua, asugue mpaka iwe laini. Halafu mimi narudi ndani."

Na alirudi. Nilisugua hadi alasiri, nikapitisha shavu langu kwenye kila nondo kuhakikisha hakuna kinachokwaruza. Mama akafungwa leso upya, akatanguliza kichwa, akashuka, akagusa grili, akatoka kushoto kwa pumzi moja. Safari hii Laini Saba nzima ilipiga makofi. Mgeni aliondoka na grili yake begani akiwa ametuaga mmoja mmoja. Baadaye alituma salamu na kaka yake Mama kwamba wakubwa wameipenda, ila zingine zitatengenezwa Mombasa, karibu na maji. Nilinuna siku mbili.

Fundi alinipa mashine nusu siku, nusu siku brashi. Wateja walipokuja, alisimama mbele yangu na kusema kazi ni yake. Mtu akiuliza fundi ni nani, vidole vyote vilimwelekea yeye, na changu pia.

Wiki kadhaa baadaye Mama aliniita Kawangware, mimi peke yangu. Nilidhani ni kisasi. Alinipeleka kwenye ploti yake: vyumba mstari mmoja, kila chumba na mlango mmoja, dirisha moja, na kila dirisha grili imefungwa kwenye ukuta. Za kusimama, za kulala, na ua katikati. Nilikuwa nimezipaka rangi mwenyewe.

"Silali vizuri," alisema. "Mtu akiwasha stovu hapo mlangoni, ishike pazia, huyu wa ndani atatokea wapi?"

Katika miaka miwili ya kupaka rangi grili, swali hilo halikuwahi kunijia.

"Fundi aje lini kupima?" nikauliza.

"Sikuita Fundi. Nimeita wewe."

Nilianza na chumba cha mwisho. Nilikata grili katikati, nikaitia bawaba, na komeo kwa ndani, mahali ambapo mkono wa mwizi hauwezi kufika. Wapangaji walikuja kutazama, na watoto wao, na nguo zao za kufua. Nilipomaliza Mama alilijaribu komeo mara tatu, akasema niingie ndani. Nikaingia. Akafunga mlango kwa nje, akatia kufuli.

"Toka!" akasema.

Nilitanguliza kichwa. Mabega yakapita, nyonga zikasita, na kwa muda nilining'inia pale, nusu ndani, nusu nje, wapangaji wananicheka na Mama anawashangilia. Nikajisukuma, nikaanguka kwenye maji ya kufulia. Mama alininyooshea mkono, akaniinua, akanifuta tope kwa ncha ya leso yake, kisha akawageukia wapangaji.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Fundi amesema iko sawa."

Mimi sikuwa nimesema lolote. Nilisimama pale goti linatoka damu, nikafurahi mpaka nikasahau kulifuta.